Yoga, Nira na Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Juni 2025

Gati hajarudi. Mke wangu bado yuko kwao Nyamwaga, na mimi nimekula kiporo cha ugali kwa chumvi. Aliondoka kwa sababu ya kware. Nakubali, kubadilisha maksai mzima kwa matundu ya kware halikuwa wazo langu bora, lakini nani angejua paka wa Nkende yetu nzima wangepeana taarifa waje wawale? Sasa nimebaki na maksai mmoja, Sirikali, na maksai mmoja havuti plau. Anasimama zizini ananitazama. Hata yeye kanidharau.

Leo ujumbe umetoka kwa baba mkwe. Jumamosi watakuja kuangalia kama nimepata akili na kazi ya maana. Nisipokuwa nayo, Gati anabaki kwao. Anabaki! Nilikaa kitandani upande wake, nikajisikia vibaya sana.

Halafu simu ikaniokoa. Nilikuwa natafuta kazi za kufanya ukiwa umekaa, ikatokea yoga. Na nimesoma jambo moja mara mbili ili niamini: neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, na asili yake ni kuunganisha, kufunga nira. Nira! Ile ile ya ng'ombe! Niliruka. Nani anaijua nira kuliko Mkurya? Kumbe babu zangu walifanya yoga maisha yao yote, ila wao waliifuata kwa nyuma wameshika plau. Na nira yangu hii hapa ukutani, haina kazi. Huu ni wito. Kuanzia leo mimi, Mseti, ni mwalimu wa yoga.

Jumanne, 17 Juni

Nimetangaza darasa kijiweni kwa fundi baiskeli. Nikawaambia kwamba zamani huko India yoga ilikuwa ya wanaume zaidi. Nilidhani hapo nimewashika. Wakauliza mwanaume mwenye rika lake na heshima zake anainua miguu juu kwa sababu gani. Nikasema kwa afya. Wakasema afya wanaipata hapo hapo walipokaa.

Brayan naye alikuwepo, angekosaje! Ndiye mwenye jimu ya hapa kwetu, yaani banda lenye mabomba na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Akasema, mura, wewe huwezi hata kuinama ukafunga kamba za viatu. Uongo mtupu! Kuinama naweza. Kinachonishinda ni kurudi.

Mwanafunzi mmoja amepatikana. Ni jirani yangu Felista, mwimbaji wa kwaya, anayeumwa mgongo. Aliuliza kwanza kama yoga si kuabudu mashetani. Nikamjibu kwamba tunapumua tu, na pumzi katupa Mungu. Akakubali, kwa sharti kwamba tuanze kwa sala. Sala yake imemaliza muda wote wa darasa.

Jumatano, 18 Juni

Leo nimekufa. Si kwa muda mrefu.

Nilisoma kwamba walimu wengi wa yoga wanasema mkao mgumu kuliko yote ni mkao wa maiti. Unalala chali, unaachia mwili, hufanyi kitu. Mgumu? Nikacheka peke yangu. Mimi nimeufanyia mazoezi tangu utotoni, muulizeni Gati! Nikatandika turubai uani, nikajilaza, nikajifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu ya nzi. Kisha nikasinzia ndani ya mkao wenyewe.

Felista akaja darasani. Akaniita, kimya. Akaona shuka. Loo! Ile sauti ya kwaya sijawahi kuisikia ikifika juu namna ile. Nilipozinduka, ua ulikuwa umejaa. Akina mama wanalia, mabenchi yanashushwa, na mtu anauliza kaburi litachimbwa upande gani. Ningeamka mara moja, lakini Brayan alikuwa ameanza kunisifu. Nani angeamka? Alisema marehemu alikuwa mtu wa kujaribu. Alisema tutamkumbuka. Nilikuwa nangoja aseme zaidi, chafya ikanitoka.

Walivyokimbia! Benchi moja limevunjika na ua wangu wa miti umelala chini upande mmoja. Felista alipita juu yake bila kuugusa.

Kumbe kuna aliyekwisha kupiga simu Nyamwaga. Gati akapiga, analia. Nikapokea mwenyewe, nikasema haloo. Kisha nikatukanwa kwa Kikurya na kwa Kiswahili, nikaambiwa bora ningekufa kweli kuliko kumfanyia hivyo. Lakini alilia! Kabla ya matusi alilia, nimemsikia kwa masikio yangu. Nimeshika simu hii jioni nzima kama mjinga.

Alhamisi, 19 Juni

Wamarekani wanafanya yoga na mbuzi. Siwatanii. Mtu anapiga magoti na viganja chini, mbuzi anampanda mgongoni, na watu wanakuja kutoka mbali kwa ajili hiyo. Mimi hapa Tarime nimezungukwa na mbuzi tangu nizaliwe na hakuna aliyeniambia!

Nimeazima beberu wa Felista. Amepanda mgongoni bila shida yoyote. Kushuka ndiko alikokataa. Amekula karatasi yangu ya mikao niliyoibandika ukutani, kisha kola ya shati nikiwa ndani yake. Vijana wamejaa pale ua ulipoanguka, wanacheka mpaka wanashika matumbo. Nikakumbuka kwamba ipo pia yoga ya kucheka, iliyoanzishwa na daktari mmoja wa India, na watu hukutana wakacheka bila sababu. Nikawatangazia kwamba wote wamekwisha kujiunga. Wakazidi kucheka, halafu wakaenda kwa Brayan.

Felista ameacha darasa. Anasema mgongo umepona kabisa siku ile alipokuwa akinikimbia. Nimemwambia basi yoga imefanya kazi.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho ni kesho. Na ajabu ni kwamba kesho tarehe ishirini na moja ndiyo siku ya yoga duniani! Waliichagua kwa kuwa kule kaskazini ndiyo siku ndefu kuliko zote za mwaka. Hapa kwetu ni ndefu kama zingine, lakini itatosha.

Tatizo ni wanafunzi. Wakwe watakuta mwalimu na Sirikali. Nikameza mate, nikaenda kwa Brayan kumwomba vijana wake waje wajifanye darasa langu. Akakubali haraka mno. Anachotaka ni nira yangu tu. Mti wake ni mzuri, anasema, atafunga makopo ya saruji huku na huku vijana wanyanyue. Nikafikiri kidogo. Nira bila maksai wawili ni kuni tu. Nikampa. Akanipa na taiti yake nyeusi ya mazoezi kama nyongeza. Mimi huyu nikifanya biashara na mtu, ananishukuru.

Jumamosi, 21 Juni

Mungu wangu.

Vijana walikuja kweli. Niliwapanga waelekee barabarani, nami nikasimama mbele yao, mgongo kwa barabara, ili wageni waone nyuso za wanafunzi. Nilijisifu kwa mpango huo. Kisha nikawaonyesha mkao wa mbwa anayetazama chini. Viganja ardhini, miguu imenyooka, makalio juu kabisa. Nilikuwa ndani ya taiti ya Brayan, ambaye ni mwembamba.

Vijana wakanyamaza ghafla. Nikachungulia katikati ya miguu yangu. Mama mkwe! Kichwa chini miguu juu, kasimama barabarani, na makalio yangu yanamtazama usoni. Mama mkwe, ambaye nikikutana naye njiani naingia shambani mwa watu apite! Mama ambaye sijawahi hata kutafuna mbele yake! Ningejificha, lakini nilishasema, kurudi kunanishinda. Basi nikafanya adabu niliyoiweza. Nikamwamkia shikamoo kutoka pale pale, katikati ya magoti.

Akajifunika uso kwa kitenge, akageuka, akaondoka. Na taiti ikapasuka.

Nyuma yake alikuwa Gati. Ameshika kamba, na kwenye kamba kuna maksai. Aliniinua yeye. Akanieleza taratibu kwamba baba yake amenihurumia tangu habari za kifo, ametuazima maksai ili tulime kabla ya vuli, na yeye alikuwa anarudi nyumbani leo. Leo! Mabegi yake yalikuwa kwenye pikipiki. Akaniuliza nira iko wapi.

Nikamwonyesha kwa Brayan kwa kidole.

Gati alinitazama muda mrefu. Nilidhani atacheka, maana mdomo ulimcheza. Hakucheka. Akasema mama yake hatakanyaga hapa, wala yeye, mpaka nimpeleke mama mbuzi wa kuomba radhi kama desturi inavyotaka. Njoo na mbuzi, akasema, na nira, na suruali. Akamgeuza maksai wakaondoka. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumapili, 22 Juni

Mungu si Athumani! Brayan amerudisha nira mwenyewe, anasema baada ya aliyoyaona jana ananionea huruma. Na Felista amenipa yule beberu moja kwa moja. Tangu lile darasa beberu anapanda migongo ya watu wakiinama kufua, na Felista hamtaki tena. Nira ninayo, mbuzi ninaye. Mchana nikashika njia ya Nyamwaga, moyo mweupe. Gati wangu!

Nikapumzika kidogo nje ya grosari moja, nikafungua simu. Kumbe Wajerumani wanafanya yoga wameshika chupa za bia! Bia! Na nani hapa asiyejua kwamba baba mkwe anaipenda? Mbuzi angemfurahisha mama peke yake. Hili linafurahisha ukoo mzima.

Mwenye grosari amemchukua beberu, amenipa kreti mbili za bia. Nimezifunga kwenye nira, huku na huku, nikarudi nazo nyumbani zikining'inia vizuri sana. Jumamosi ijayo darasa linafunguliwa rasmi, na baba mkwe nimempangia mstari wa mbele. Gati atashangaa.

Suruali nimeifua.