Anwar Afungwa Macho

Habari ilitoka kwenye simu ya Menza, ambaye mtaa mzima wa Mtopanga humwita Redio: ndege imekatikiwa na setilaiti ikiwa angani, lakini imetua salama.

Anwar alikiweka chini kikombe chake cha kahawa. Kesho jioni alikuwa apande ndege mara ya kwanza maishani, aende Maskati kumwona mjukuu.

"Setilaiti ikikatika, rubani amuulize nani njia? Kunguru?"

"Mna kidude ndani," Redio alisoma. "Kipande cha chuma kimeshikwa na springi. Ndege ikichapuka kinabaki nyuma, ikipunguza kinakwenda mbele. Kompyuta yajumlisha hiyo misukumo, yapata mwendo, kisha umbali."

"Alhamdulillahi! Roho yangu imetundikwa kwenye springi."

"Hata wewe waweza kuujua mwendo bila kuona, mzee," akadakia Kyalo, dereva wa tuktuk, jina la kijiweni Rubani kwa vile anavyoyaruka mashimo. "Panda nikuonyeshe."

Wakamfunga macho kwa shali yake mwenyewe, wakaondoka wote watatu.

"Mgongo umegonga kiti: tumeng'oka," Anwar akatangaza kama mtangazaji wa mpira. "Breki hiyo. Umekata kushoto. Umechapuka tena..." Akangoja msukumo mwingine, haukuja. "Haya, mbona tumesimama?"

"Una hakika?"

"Wallahi! Naisikia injini tu ikitetemeka. Tuko papa hapa mtaani, kwa muuza nyama."

Redio akamfungua. Lami laini ilikuwa ikikimbia chini yao, na Kiembeni, mtaa wa mbele, hiyo ishafika. Anwar akakishika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

"Hongera, buda," Kyalo akasema. "Umeteremsha abiria mia mbili na ndege haijasimama."

"Lakini sikusukumwa!"

"Mwendo mmoja usiobadilika hausukumi mtu," Kyalo akaeleza. "Kompyuta ikishaupata mwendo, huendelea kuuhesabu mpaka breki. Wewe ulihesabu misukumo, mwendo ukausahau."

"Nayo haikosei?"

"Hukosea kidogo," Redio akachungulia simu, "na kosa hukua kadiri safari inavyorefuka. Basi redio za ardhini huisahihisha."

"Redio kama wewe?"

"Zile husema kweli," Kyalo akamjibia.

Anwar akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akamkumbuka yule mjukuu, ambaye hadi leo humbusu kwenye kioo cha simu tu.

"Geuza, Rubani. Nipeleke nyumbani nichukue begi, kisha uwanja wa ndege."

"Si ndege ni kesho jioni?"

"Ndiyo, kesho jioni. Kwani foleni ya magari ya Changamwe huijui?"