Maziwa Yaliyokataa Kumwagika

Jumapili, 10 Aprili 1994. Sri Lanka, milimani

Mimi ni mtu wa bahati. Naandika mapema, wajukuu wasije wakadai ni porojo. Kiwanda chetu cha chai pale Kibugu, Embu, kina wafanyakazi zaidi ya mia mbili, na nafasi za kwenda ng'ambo kusoma zilikuwa mbili tu. Wakatupanga, wakatutazama, wakaona kichwa ni hiki. Nikachaguliwa! Kwa ndege! Nikakaa dirishani!

Mwenzangu ni Mutegi, Mmeru wa Kanyakine. Haongei. Anaandika tu kwa daftari. Bure kabisa.

Wiki ya tano sasa tunalala kwa Bwana Piyadasa, fundi mkuu anayetufundisha kunyausha majani ya chai. Chai ni ile ile ya kwetu. Ukungu ni ule ule. Hata matope. Lakini watu! Mtu akikubali jambo, anatikisa kichwa kama anayekataa. Wiki ya kwanza nilidhani nimekosa kila swali. Kumbe nilipata. (Mutegi anasema nilikosa. Wivu.)

Tukirudi, mmoja wetu atakuwa msimamizi wa chumba cha kunyaushia. Mmoja tu. Bwana Piyadasa atamwandikia meneja wetu, Bwana Runji, baada ya sikukuu ya mwaka mpya. Ndiyo, mwaka mpya, mwezi wa nne! Nimemuuliza kama wamechelewa. Akajibu kwamba ni sisi tunaoharakisha.

Mpango: kumfurahisha mama yake Bwana Piyadasa, ambaye ndiye serikali ya nyumba hii. Namwita Cucu, kama nyanya yangu. Anaitika.

Jumatatu, 11 Aprili

Nyumba nzima inanuka mafuta ya nazi. Wanakaanga maandazi meusi yenye kishungi juu, kama mtu aliyefunga nywele. Nimeuliza kishungi ni cha nini. Cucu amesema, mwanawe akitafsiri, kwamba bila kishungi hilo andazi liko uchi. Nimekula sita, yote yamevaa.

Halafu nikaona sinia la majani mabichi, Cucu akitafuna. Nikamwambia Mutegi, hawa ni watu wa Muthara, kwenu Meru, kabisa, tofauti ni kwamba miraa yao ni mipana. Nikataka kumwonyesha Cucu kwamba mimi si mgeni. Nikajaza mdomo, pamoja na ile chokaa nyeupe ya pembeni na kitu fulani cha kahawia.

Kilikuwa tumbaku, na majani yenyewe ni tambuu.

Dunia ikazunguka. Nikatema mate mekundu kwenye ukuta uliopakwa rangi jana kwa ajili ya sikukuu. Cucu amecheka hadi akashika mbavu. Nimehesabu hiyo kama ushindi.

Mutegi hakutafuna. Amechagua majani mazuri, akayafunga vizuri, akampelekea Cucu kwa mikono miwili, ameinama. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema kwa wajomba zake huko Muthara, mzee haendewi bila kifurushi cha miraa, na mzee ni mzee popote. Cucu akamwekea mkono kichwani.

Mmeru mjanja sana huyu.

Jumatano, 13 Aprili

Leo nimeelezwa kitu cha ajabu. Mwaka wa zamani unaisha saa yake, mpya unaanza saa yake, na katikati kuna masaa yasiyo ya mwaka wowote. Hakuna moto, hakuna kula, hakuna kazi. Hata kufagia! Unakaa, unaomba, basi.

Kule kwetu mtu akikaa hivyo mchana, majirani wanaulizana anaumwa na nini.

Nikafikiri: wengine wote wakiwa wamekaa, anayefanya kazi ataonekana sana. Nikachukua shoka, nikapasua kuni. Vipande kumi na viwili! Bwana Piyadasa akatoka mbio, bila viatu, akanipokonya shoka. Aliniambia kwa upole kwamba kuni hizo haziwezi kuwasha moto wa mwaka mpya, maana zimepasuliwa wakati ambao haupo.

Nimeliwaza sana jambo hili. Wakati ambao haupo. Ningejua mapema ningeahidi kulipa madeni yangu ya kanisa wakati huo.

Mutegi alikuwa amelala. Amesifiwa.

Alhamisi, 14 Aprili

Mikono imefungwa vitambaa, ninaandika kwa vidole viwili.

Asubuhi, saa tatu na dakika kumi na saba kamili, ndiyo saa njema ya kuwasha moto. Si kumi na sita, si kumi na nane. Fataki zikalia bonde zima. Sote tukatazama mashariki, nguo mpya, mimi na tai yangu. Mke wa Bwana Piyadasa akawasha moto, akateleka chungu kipya cha maziwa. Kimya. Hata kuku walinyamaza.

Maziwa yakaanza kupanda.

Nikatazama mama wa nyumba. Hafanyi kitu! Nikatazama Cucu. Anatabasamu! Maziwa yamefika ukingoni na watu wazima saba wamesimama kama wanaopigwa picha! Jamani, mimi nimelelewa na mama mwenye ng'ombe mmoja. Kwetu ukiacha maziwa yafurike, unalala na njaa na jina lako linabadilishwa. Miguu iliondoka yenyewe. Nikakinyanyua chungu kwa mikono hii, nikamimina kikombe cha maji baridi ndani, yakatulia. Hata tone moja halikumwagika!

Nikasema kwa sauti: Yamepona!

Hakuna aliyepiga makofi.

Bwana Piyadasa alinieleza polepole. Maziwa lazima yafurike. Yakifurika, nyumba itashiba mwaka mzima. Yakikataa, basi. Akakirudisha chungu, lakini maziwa yale na maji yangu yalikaa tu yakitutazama. Cucu akaanza kulia, bila sauti. Hapo ndipo niliposikia mikono inaungua.

Mutegi akapiga magoti, akapuliza moto mpaka macho yakatoa machozi, majivu kichwani. Akapuliza, akapuliza. Yakapanda. Yakafurika! Watu wakashangilia, na mimi nikashangilia kuliko wote, kwa sababu sikutaka Cucu alie tena. Hiyo ni kweli.

Ijumaa, 15 Aprili

Leo ni kupakwa mafuta kichwani, mkubwa kwa mdogo. Nilikaa nyuma. Jana usiku nilikuwa nimewaeleza habari za mama na ng'ombe wake mmoja. Cucu akaniita kwa kidole. Akanipaka utosini, halafu akafungua vitambaa, akapaka mikono yangu pia, akisema maneno mengi. Nikauliza maana. Bwana Piyadasa akasema, anasema mtoto wa mtu mwenye ng'ombe mmoja hana makosa.

Nikasingizia moshi.

Barua zetu za kwenda kwa Bwana Runji zimeandikwa saa njema. Zote mbili nzuri, zinalingana. Mwaka mpya hawaanzi kwa kumwangusha mtu. Bwana Runji ndiye atakayechagua.

Bado nimo mashindanoni!

Jumamosi, 30 Aprili. Kibugu

Tulifika salama. Bwana Runji amesoma barua, akashindwa kuamua. Nikamkaribisha kwetu chai, pamoja na Mutegi, atusikilize na aamue papo hapo.

Mpango: nimwonyeshe kwa macho nilichojifunza. Nikapanga saa njema mwenyewe, saa kumi na dakika nane. Nikamgeuza Bwana Runji mashariki pamoja na kiti chake. Mama akateleka maziwa ya asubuhi yote, yale ya chai ya wageni.

Yakapanda. Mama akanyoosha mkono. Nikamshika. Akaniuliza kama ni wazimu. Nikamwambia awe mpole, ni baraka zinakuja. Akapiga kelele: "Muchangi! Maziwa!" Nikafunga mikono kifuani, nikatabasamu kama Cucu.

Yalifurika vizuri sana. Pande zote! Moto ukazima.

Mutegi aliruka, akashika sufuria kwa koti lake la ndegeni, akaokoa kikombe kimoja. Bwana Runji ndiye aliyekinywa. Akaweka kikombe chini, akasema hawezi kumpa chumba cha kunyaushia, chenye majani ya wakulima wa mlima mzima, mtu anayetazama kitu kikiharibika motoni huku anacheka. Mutegi msimamizi. Imeisha.

Nilimweleza habari za Sri Lanka. Akasema hapa ni Embu.

Jumapili, 1 Mei

Mama hajaongea nami tangu jana. Amenipa chai ya rangi, akanitazama nikiinywa mpaka mwisho.

Nimempelekea Mutegi tai yangu, maana msimamizi hawezi kutembea shingo wazi. Alishukuru. Akaanza kunieleza kosa langu lilikuwa wapi. Sikusikiliza, kwa sababu tayari nalijua: jiko la mama linatazama magharibi! Ndiyo maana! Kesho naanza kujenga jiko jingine nyuma ya nyumba, nigeuze mlango, halafu nimwalike Bwana Runji tena, safari hii na mke wake. Maziwa nitaazima kwa jirani.

Na ile ya kuchaguliwa kwa ajili ya kichwa, siku ya kwanza? Uongo. Aliyechaguliwa ni mfanyakazi mwenzetu, Ndambiri. Akaogopa ndege, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na mlango wa ofisi.