Kaimu Katibu na Meza ya Kukunjia Gozi

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi kazini kutoka semina. Siku tatu! Somo: mienendo ya watu kazini na nafasi ya meneja katika huduma za afya. Nimepewa cheti, kalamu na mkoba wenye zipu mbovu. Mimi sasa ni mtu mwingine kabisa.

Jambo kubwa nililojifunza: kila hospitali ina uongozi wa aina mbili. Kuna ule wa kwenye chati, uliobandikwa ukutani. Halafu kuna ule wa chini kwa chini, wa watu wanaosikilizwa na wenzao bila kuwa na cheo chochote. Mwezeshaji alisema meneja mzuri huutafuta huo wa pili. Alieleza pia la kufanya baada ya kuupata, lakini wakati huo nilikuwa nimetoka kupokea simu. Nadhani ni kuuvunja.

Muda ni mdogo. Nimekaimu ukatibu wa hospitali kwa miezi sita. Jumatatu ijayo Bodi inakuja kuamua: ama nithibitishwe, ama nirudi masjala, kwenye mafaili ya wagonjwa, nilikopiga chafya miaka kumi na moja. Mtunza stoo naye anakitaka kiti changu. Kila akipita mlangoni anakipima kwa macho. Na mama mkwe ameshawatangazia majirani kwamba nimethibitishwa. Jana wawili walinipa pongezi. Nikazipokea. Ningefanyaje?

Jumanne, 11 Juni

Nimeupata uongozi wa chini kwa chini! Uko chumba cha mashuka.

Kila siku saa nne, raundi ya madaktari ikiisha, wauguzi wenye nafasi, wafagizi, hata fundi wa maabara, hukusanyika kwenye meza ndefu ya chumba cha mashuka. Wanakata na kukunja gozi, ile shashi nyeupe ya kufutia damu na kufungia vidonda. Anayewaongoza ni Mama Mashuka, msimamizi wa ufuaji. Kwenye chati yangu yuko mstari wa mwisho kabisa, chini ya mlinzi wa geti. Nimepekua majukumu ya kila mtumishi. Kukunja gozi hakumo popote! Hakuna aliyepangiwa. Kumbe ni kisingizio cha kupiga soga.

Nimejificha nyuma ya rafu ya mablanketi kuchunguza. Dakika hamsini, mguu umekufa ganzi. Nimesikia haya: muuguzi ambaye mwanawe ana homa amebadilishana zamu na mwenzake, wamemalizana kwa maneno mawili (fomu yangu ya kubadilishana zamu ina kurasa tatu). Mzee wa kitanda cha tisa hali chakula mpaka mfagizi amtanie kwanza, kwa hiyo mfagizi apitie huko saa sita. Mganga Mkuu asiombwe kitu kabla hajanywa chai. Mke wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, akasema kuna mama kajifungua juzi na hajatembelewa na mtu. Watatu wakajitolea kwenda kukaa naye.

Mimi sikutajwa. Dakika hamsini! Hata kusengenywa sikusengenywa. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Kisha vumbi la mablanketi likanizidi, nikapiga chafya. Mama Mashuka, bila hata kugeuka, akanitakia afya njema, akasema nikitoka huko nimletee mablanketi mawili ya wodi ya watoto. Nimeyapeleka.

Jumatano, 12 Juni

Nimechukua hatua! Waraka umebandikwa saa moja asubuhi. Kuanzia leo kila wodi itakunja gozi zake yenyewe, kila mtu akiwa peke yake kwenye kituo chake cha kazi, na atajaza Fomu ya Mikunjo. Mazungumzo yote yamehamishiwa kwenye Kikao cha Mawasiliano Huru, kesho saa nne, ofisini kwangu. Ajenda kumi na moja.

Meza nimeihamishia kwenye chumba cha pembeni ya ofisi yangu, nikafunga kwa ufunguo. Mlinzi wa geti alinisaidia kuibeba. Ilikwama mlangoni. Tukaiinua, tukailaza ubavu, mwishowe tukang'oa mlango, tukaurudishia baadaye. Mama Mashuka alisimama akitutazama, mikono kiunoni, akauliza tu kama nina hakika. Nikamjibu kwamba meneja huwa na hakika.

Mganga Mkuu kausoma waraka mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama nililala vizuri. Nikasema vizuri sana. Akasema haya basi.

Nyumbani mke wangu kaniita “Katibu”. Si dalili njema. Siku za amani huniita Baba Mapacha.

Alhamisi, 13 Juni

Kikao cha Mawasiliano Huru. Waliohudhuria: mimi, mtunza stoo, na mlinzi wa geti aliyedhani kuna biskuti. Mawasiliano yalikuwa huru kiasi kwamba hakuna aliyesema kitu. Mtunza stoo aliandika saa nzima. Nilimuuliza anaandika nini. Akasema ni mambo ya kupendeza tu.

Korido zote kimya. Kila mtu kituoni kwake, kichwa chini. Nimeandika kwenye ripoti ya Bodi: nidhamu imepanda.

Saa nane yule muuguzi wa mtoto mwenye homa kaja kuomba kubadilishana zamu tena, na fomu yangu ya kurasa tatu. Ilikosa sahihi ya mwenzake, na mwenzake alikuwa kituoni kwake, ambako waraka wangu unakataza kutoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia utaratibu unafuatwa. Akasema asante. Hiyo asante naisikia mpaka sasa.

Ijumaa, 14 Juni

Kimenuka!

Saa mbili asubuhi Mganga Mkuu katoka chumba cha upasuaji, kofia ya kijani kichwani, kuuliza gozi ziko wapi. Zikatafutwa. Wodi ya wanaume ilikunja vipande kumi na viwili. Wodi ya watoto, sita. Wodi ya wazazi haikupata nafasi, watoto walikuwa wanazaliwa. Fomu za Mikunjo, kwa upande mwingine, zilikuwa thelathini na moja, zimejazwa vizuri sana. Akiba iliyobaki ni ya dharura, haiguswi. Operesheni tatu zimeahirishwa. Mganga Mkuu akaamuru aliyeandika waraka aende mwenyewe kuwaambia wagonjwa.

Wawili wa kwanza walinung'unika, nikapona. Wa tatu ni mwalimu mstaafu, mama mfupi mwenye uvimbe tumboni. Nimemkuta ameketi kitandani na gauni la upasuaji, miguu haifiki sakafuni, hajala tangu jana jioni. Akaniambia kwamba wiki nzima amekuwa akijifunza kutoogopa, na leo alikuwa amefaulu. Kisha akauliza kama kuna kitu amekosea yeye.

Nilikuwa nimeandaa sentensi kuhusu changamoto za kipindi cha mpito. Haikutoka. Nikamwambia kosa ni langu. Akanishika mkono, akauliza kama naweza kulirekebisha. Nikasema ndiyo kabla hata sijafikiri. Jumatatu asubuhi, nimemwahidi. Jumatatu hiyo hiyo ya Bodi!

Nimejisikia vibaya sana. Sina namna nyingine ya kuliandika hili.

Mchana nimejifungia na meza, mkasi na jora zima la gozi. Vipande sitini kwa mkono wangu! Nikampelekea Mama Mashuka, kifua mbele. Akakifungua kimoja, akakitia kwenye ndoo ya mfagizi. Cha pili, ndooni. Vyote sitini! Akaeleza kwamba ukingo uliokatwa nimeuacha nje, na nyuzi zake zitabaki ndani ya matumbo ya watu. Ukingo huingia ndani, halafu ndani tena, mpaka usionekane hata uzi mmoja. Nikauliza haya yameandikwa wapi. Akasema hayajaandikwa, yako mikononi. Akaongeza kwamba kesho meza irudi.

Jumamosi, 15 Juni

Mlinzi kagoma kubeba meza. Anasema waraka unaagiza meza itoke, hakuna unaoagiza irudi. Nimemwandikia mwingine palepale, nikiwa nimeegemea mgongo wake. Tukabeba. Tukaigonga kwenye ngazi, tukaigonga kwenye kizingiti. Mtunza stoo alitukuta koridoni, akajibana ukutani tupite, akatoa daftari.

Sikumwita mtu. Sikuwa na uso wa kumwita mtu. Niliketi peke yangu na mkasi, roho juu. Saa nne mlango ukafunguka, akaingia fundi wa maabara. Halafu wauguzi, hata walio mapumzikoni. Halafu mke wangu, ambaye leo si zamu yake, akanisogeza kwa nyonga nikawa kati yake na mfagizi, akasema nikunje polepole.

Nimekunja vipande mia mbili na kumi na vinne. Mama Mashuka kakubali mia moja na tisini. Vidole vimevimba.

Mtoto mwenye homa amepata nafuu. Kumbe zamu ilishabadilishwa Alhamisi ileile jioni, bila fomu. Hakuna aliyeniambia, eti nisije nikapata wasiwasi. Waraka haukutajwa kabisa. Ila mfagizi alisema mikunjo yangu inafanana na nguo zilizofungashwa na mtu anayefukuzwa nyumbani, na meza nzima ikacheka, mke wangu akicheka kuliko wote. Nimetaniwa! Nilicheka mpaka nikajikata na mkasi. Kidogo tu. Gozi zilikuwepo.

Jumapili, 16 Juni

Vidole havijikunji hata kushika kijiko. Mama mkwe kawaalika majirani kesho jioni waje kunipongeza.

Jumatatu, 17 Juni

Bodi. Watu watano. Mwenyekiti ni mwanamke mrefu, miwani yake ina kamba. Mtunza stoo alikuwa amewapelekea ripoti ya kurasa kumi na moja. Kila kilichomo ni kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Nikaeleza chati. Mwenyekiti akauliza hapa kazi inakwenda kwa sababu ya nani. Nikaonyesha chati. Akaomba kuonana na watumishi bila mimi. Kwa kuwa ilikuwa saa nne, wajumbe wakapelekwa chumba cha mashuka.

Nikangoja kwenye benchi mkabala na chumba cha upasuaji. Nimefikiria masjala. Nimefikiria majirani jioni. Jasho lilinitoka hata magotini. Kisha kitanda kikapita kikisukumwa, yule mwalimu juu yake, shuka mpaka kidevuni. Aliniona. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba leo anaogopa tena. Nikasimama, nikamshika mkono mpaka mlangoni, nikamwambia gozi zipo na nyingine nimezikunja mimi. Akauliza kama nilikunja vizuri. Nikasema zilizokubaliwa ni mia moja na tisini. Akacheka, wakamwingiza.

Saa tano na nusu wakaniita. Nimethibitishwa! Mwenyekiti alisema tu kwamba watumishi wameomba nibaki, na kwamba niwasikilize.

Mwalimu ametoka salama. Nilikwenda kuuliza mara nne. Mara ya tano muuguzi alinifungia mlango.

Yaliyosemwa chumba cha mashuka nimeyapata kwa mke wangu, jioni, majirani walipoondoka. Mwenyekiti aliuliza kama mimi ni kiongozi mzuri. Watu wakaendelea kukunja gozi. Mwishowe Mama Mashuka akasema yaliyo kwenye ripoti yote ni ya kweli. Lakini amefanya kazi chini ya makatibu wanne, na mimi ndiye wa kwanza aliyekwenda kitandani kwa mgonjwa kusema kosa ni langu. Mtunza stoo, kwa upande wake, ni mtu anayeweza kutazama wenzake wakibeba meza. Na zaidi ya hapo, akasema, mimi wameshanizoea. Wakiletewa mwingine itabidi waanze kumfundisha upya, na wamechoka. Wote wakaitikia.

Mke wangu alisimulia huku amejishika mbavu. Kisha akaniita Baba Mapacha.

Jumanne, 18 Juni

Nimetafakari sababu za ushindi wangu. Ni tatu: semina, chati, na msimamo usioyumba. Mke wangu anasema kuna kitu nimeruka. Nimekagua tena orodha. Sikioni.

Saa moja asubuhi nimetoa waraka wangu wa kwanza nikiwa Katibu kamili. Kurasa nne! Meza ya gozi sasa ni chombo rasmi: Kamati ya Mikunjo. Mwenyekiti ni mimi. Mama Mashuka atakuwa mjumbe. Mazungumzo yote yataandikiwa kumbukumbu, na anayetaka kutania atawasilisha utani wake kwa maandishi siku mbili kabla. Nimeuweka katikati ya meza mwenyewe.

Saa nne nimekwenda kufungua kikao. Watu wamejaa, soga kama kawaida. Waraka siuoni. Sio mezani, sio ubaoni. Nikauliza. Mama Mashuka akanyoosha kidole chini: tangu tulipoigonga Jumamosi, mguu mmoja wa meza umemeguka na meza inacheza. Waraka wangu ulikuwa chini ya mguu huo. Umekunjwa vizuri kabisa, ukingo ndani. Nimeiegemea meza kwa mikono miwili. Haitikisiki hata kidogo.

Siku ya kwanza tu, na tayari wanautegemea! Na si hivyo tu. Nilipokuwa natoka, Mama Mashuka kaniuliza kwa heshima zote kama ninaweza kuwaandikia waraka mwingine, mrefu kidogo kuliko huu, kwa sababu mguu wa upande wa dirishani ni mbaya zaidi. Ameomba mwenyewe, mbele ya watu. Nimefika ukurasa wa sita.