Namba 413 Hanywi Chai

Jumapili, 29 Juni

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: mwaka jana upepo haukuzipeperusha kadi zetu za foleni. Hapakuwa na upepo. Hata jani halikutikisika.

Nilikuwa nimepewa kadi tatu nizishike, yangu, ya Babu Horace na ya Bibi Winnie, wao wakaenda kununua chai. Ni kadi zenye namba. Pale Wimbledon, kwenye mashindano ya tenisi, bila kadi huna nafasi kwenye foleni, na bila nafasi hupati tiketi ya Uwanja Mkuu. Nilikuwa ukurasa wa 212 wa historia ya minara ya taa, pale dhoruba inaposomba mnara pamoja na aliyeujenga. Nikachomeka kadi humo nisipoteze ukurasa. Zamu yetu ilipofika nikapekua kila mfuko. Soksi pia. Hakuna kadi! Nikasema upepo umezichukua. Tukarudi nyumbani kwa basi. Jioni nikafungua kitabu. Zote tatu zilikuwepo, safi, hazijakunjika hata pembe.

Bibi alifariki Februari. Alikuwa amepanga foleni ile miaka thelathini na moja, na mwaka wake wa mwisho nilimtoa mimi.

Leo Babu ametangaza kwamba Jumatatu ya tarehe 7 anahamia Inverness, mbali kaskazini, kwa Shangazi Moira, moja kwa moja. Kabla ya hapo anataka kitu kimoja tu: Jumamosi aketi Uwanja Mkuu, na kofia ya Bibi mapajani. Nikausikia mdomo wangu ukisema, Babu, niachie mimi.

Mimi!

Jumatatu, 30 Juni

Nimesoma kijitabu cha kanuni za foleni, mara mbili. Nchi hii haina katiba iliyoandikwa mahali pamoja, lakini foleni inayo.

Nimeshtuka. Kadi moja kwa mtu mmoja, naye awepo. Ni marufuku kumshikia mwingine nafasi. Ukitoka, usizidi nusu saa. Na anayetaka Uwanja Mkuu Jumamosi lazima awe pale Ijumaa asubuhi na alale kwenye hema. Mimi sina tatizo, Ijumaa shule imefungwa, walimu wanafundishwa kufundisha. Ila Babu aliwekewa nyonga mpya mwezi Machi, na daktari amemkataza kulala chini. Nilimwuliza kama hawezi kulala ameketi. Akaniuliza kama mimi naweza kunyamaza nikiwa macho.

Kwa hiyo Babu awepo bila kuwepo. Mama alisema haiwezekani. Dada yangu Tabitha, ana miaka kumi na moja na hana huruma, alisema nikubali tu nimeshindwa, nimezoea.

Tutaona!

Jumatano, 2 Julai

Nimemaliza. Niko mahali pazuri sana kiakili.

Koti la mvua la Babu, lile la zamani. Suruali iliyojazwa magazeti. Buti za bustanini. Glavu za kuoshea vyombo ndani ya glavu za sufu. Kichwa ni mpira wa miguu ndani ya foronya, juu yake kofia pana, mbele yake gazeti lililofunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye glavu. Ukimketisha kwenye kiti cha kukunja, ni mzee anayesoma matokeo. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Babu halisi ataingia hemani kwa nyuma, huyu atakunjwa begini, na hakuna atakayejua.

Tabitha alimtazama kwa muda mrefu. Akasema anafanana na mwalimu wangu wa jiografia, ila huyu ana uchangamfu. Kisha akataka kujua nitafanyaje akisemeshwa. Nikamweleza kuwa hii ni foleni ya Waingereza. Hakuna atakayemsemesha mtu anayesoma gazeti. Tabitha alikosa la kusema! Nimeandika saa: kumi na moja na robo jioni.

Babu alipiga simu kuuliza mpango unaendaje. Nikasema kuna mtu atakaa mahali pake. Akasema lazima awe rafiki mwema sana. Akasema Bibi angefurahi kuniona nimekuwa mtu wa kutegemewa.

Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 4 Julai, asubuhi

SIAMINI. Imefanya kazi!

Nilishuka kwenye teksi saa kumi na moja alfajiri, nikamweka kitini kabla kundi la nyuma halijafika. Msimamizi alipita akigawa kadi, bwana mrefu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Akanipa 412. Akamgeukia mzee. Nikanong'ona kwamba Babu amesinzia. Msimamizi akaweka kidole mdomoni, akanyata kwa ncha za vidole, akaichomeka kadi 413 kwenye gazeti kama mtu anayeweka ua kaburini. Akaninong'oneza, "Mwache apumzike, kijana. Watu kama hawa hawazaliwi tena."

Kweli hawazaliwi.

Mbele yetu, namba 411, yuko Bi Prudence Tuffnell. Amepanga foleni miaka ishirini na sita na ana jiko, taa, zulia, na birika lenye sweta. Anajua kila mtu aliyewahi kuruka mstari tangu mwaka wa kwanza. Anawataja kwa majina.

Saa tatu alimletea Babu chai. Nikasema ahsante, akiamka tu atainywa. Saa nne alimletea nyingine. Nikanywa zote mbili alipogeuka. Saa tano akaleta ya tatu, na kipande cha keki. Akauliza huyu mzee ana nini. Nikasema hasikii vizuri. Kosa kubwa! Tangu hapo anamwambia kila kitu kwa kupaza sauti: "MZEE WANGU! CHAI YAKO INAPOA! AU UNA SUKARI?" Alimaanisha ugonjwa wa kisukari. Mstari mzima umegeuka.

Nimeshakunywa vikombe saba. Siwezi kwenda msalani. Nikiondoka, Bi Tuffnell atabaki peke yake naye.

Nimekiazima tena kile kitabu cha minara. Mwaka mzima sijaweza kuvuka ukurasa wa 212. Leo nimejaribu. Nimeshindwa.

Ijumaa, alasiri



Saa tisa mvua ilishuka. Mvua yenyewe! Watu wote wakakimbilia mahemani, nami nikakimbilia msalani, sikuweza kuvumilia zaidi. Dakika nne. Niliporudi, Babu alikuwa angali ameketi kwenye mvua, gazeti mkononi, wima. Wamemzunguka watu sita, kila mmoja na mwavuli wake, wanamkinga yeye huku wao wanaloa.

Bwana wa 415 alikuwa na machozi. Alisema, "Tazameni! Hajatikisika! Hawa ndio waliotulea." Mke wake akasema sisi wa siku hizi tukidondokewa tone tu tunalia. Mtu mmoja akavua kofia. Nilisimama nyuma yao nikitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo, naona aibu kuandika, nilijisikia fahari kidogo kwa ajili yake.

Kisha Bi Tuffnell akainama amfute mkono. "Jamani, mzee wangu, umekuwa barafu," akasema, akamshika vidole aingize joto.

Mkono ukatoka.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Akarudi nyuma nao mkononi. Gazeti likaanguka, kofia ikafuata, na kichwa cha Babu kikadunda mara mbili kwenye nyasi, kikabingirika hadi kwenye buti za msimamizi. Watu wa huduma ya kwanza walifika mbio na machela. Mmoja akapiga magoti, akainua foronya, akabaki hapohapo.

Halafu Bi Tuffnell akauliza, sauti ya chini kabisa, "Kijana. Ina maana... ulikuwa unamshikia mtu nafasi?"

Hapo ndipo waliposhtuka kwelikweli! Mkono haukuwa kitu. Kichwa hakikuwa kitu. Bwana wa 415 aliangusha biskuti na hakuiokota. Mke wake alifunga mwavuli taratibu, akaupeleka upande wa pili. Naamini wangenielewa zaidi kama Babu angekuwa amekufa kweli.

"Miaka ishirini na sita," Bi Tuffnell akasema. "Nimeona mengi. Na keki nilimpa!"

Nilitaka kumwambia keki ilikuwa nzuri. Nikaona si wakati.

Msimamizi alichukua kadi zote mbili. Hakufoka. Alisema tu amesikitika, na hilo lilinichoma kuliko kufokewa. Ninaweza kuanza upya mwishoni, nikiwa mmoja, bila jamaa wa kubandika. Nikabeba hema, begi na kichwa kwapani, nikatembea kuelekea mwisho. Hakuna aliyenitukana. Kila niliyempita alisema "samahani" na kunipisha. Namba yangu mpya ni 1,288. Uwanja Mkuu kwa heri.

Ningeweza kumpigia Babu simu. Sikumpigia. Nilifungua kitabu, ukurasa wa 212.

Jumamosi, 5 Julai

Babu alifika saa kumi na mbili kamili, amevaa tai, ana chupa ya chai, bakuli la stroberi, na ile kofia ya Bibi ya majani makavu kwenye mfuko wa karatasi. Alitembea mstari mzima akitafuta 413, akisalimia watu. Kwa mbali nilimwona Bi Tuffnell akimsimamisha na kumfinya mkono, nadhani kuhakikisha.

Aliponifikia nilikuwa nimeandaa maneno ya kiungwana. Nikafungua mdomo. Likatoka neno moja: upepo.

Babu akanitazama. "Upepo tena, Barnaby?"

Ikatoka yote. Sanamu, chai, mkono. Na kwa kuwa nilishaanza, sikuweza kusimama, nikamwambia na ya mwaka jana: kadi, kitabu, ukurasa wa 212, jioni ile. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtoa Bibi kwenye foleni yake ya mwisho. Nililia mbele ya watu elfu moja mia mbili themanini na saba.

Babu akang'oa jani la stroberi. Akasema, "Tunajua."

WANAJUA!

Anasema Bibi aliziona kwenye basi siku ileile. Zilikuwa zinachungulia juu ya kitabu kama masikio ya sungura. Babu alitaka kunisema. Bibi akamkanyaga mguu. Akamwambia amwache mtoto, amefika penye utamu. Kisha wakafika nyumbani, Bibi akajifungia jikoni akacheka mpaka akakaa chini. Kila mara mtu alipotaja upepo, Bibi alicheka. Hata hospitali, Babu anasema, nesi alipofungua dirisha.

Mwaka mzima! Nimebeba jambo hili mwaka mzima, kumbe nilikuwa nabeba kichekesho cha Bibi!

Sikujua nikasirike au nini. Nikala stroberi.

Babu alichukua kadi yake mwenyewe huko nyuma kabisa: 4,377. Nikairudisha 1,288 nikaenda kupanga naye. Tukaingia saa nane mchana kwa tiketi za viwanjani tu, si Uwanja Mkuu. Lakini ndani kuna foleni nyingine, ya viti vinavyorudishwa na watu wanaoondoka mapema. Babu alipoiona uso wake ulinawiri. Tukapanga. Saa moja kasoro jioni kilirudi kiti kimoja. Kimoja tu! Babu akanitazama. Nikampa mfuko wenye kofia, nikamsukuma.

Nilimsubiri kwenye kilima cha nyasi. Alitoka macho mekundu. Anasema aliona seti ya mwisho yote, kofia mapajani, na mama wa kiti cha jirani alimkazia macho kwanza, kisha akamgusa mkono, kisha akampa keki. Bi Prudence fulani.

Jumapili, 6 Julai

Nimebadilika kabisa. Sasa mimi ni mtu mkweli, makini, asiyechezea karatasi za watu. Nimemwambia Tabitha hivyo. Akauliza nani kaniomba nibadilike. Sikumjibu. Mtu makini hajibu.

Nimeanza pia kuchora sanamu ya mwakani. Itakuwa na mrija wa chai.

Babu alikuja chakula cha mchana, nyama ya kuoka, na masanduku mawili. Treni yake ya Inverness ni kesho saa mbili asubuhi. Hataki tiketi ya simu, ana ya karatasi. Mbele ya Mama na Tabitha akanikabidhi niitunze hadi asubuhi, anajua yeye ataisahau mfukoni mwa koti jingine. Tabitha alitoa macho. Babu akasema anajua anachofanya. Karibu nilie tena.

Nilipanda chumbani nikamaliza kitabu cha minara. Hatimaye! Mnara wa pili walioujenga pale ulidumu miaka mingi. Nilisoma kurasa za mwisho polepole, nikifunua jalada la nyuma kila baada ya muda kuhakikisha tiketi ipo salama, haijakunjika hata pembe.

Kitabu kilipaswa kurudishwa leo. Nimekipeleka mwenyewe kwa miguu. Maktaba imefungwa, hufunguliwa Jumatatu saa nne. Nimekisukuma kwenye tundu la mlangoni, nikakisikia kikianguka chini upande wa pili, kisha nikarudi nyumbani kulala mapema.