Kadi Sita na Mikungu Minane

Ijumaa, 9 Septemba 2022

Siku kubwa! Mama mkwe kashuka meli ya Bukoba na mikungu minane ya mbire, zile ndizi za kukamulia rubisi, pombe ya Kihaya. Jumamosi ijayo wageni wanakuja kumposa Angela, mdogo wa mke wangu, na mama kaapa hawatapewa bia ya dukani mbele ya macho yake. Ratiba kaipanga kichwani: ndizi ziwe zimeiva Alhamisi asubuhi, zikamuliwe siku hiyo hiyo, maji yake yalale na mtama, Jumamosi yanywewe.

Tatizo ni moto. Kwao ndizi huivishwa shimoni, au juu ya dari ya jikoni penye moshi. Hapa mjini Pasiansi mwenye nyumba kamwaga zege ua mzima. Shimo utachimba wapi?

Nikasema: stoo yangu!

Stoo ina kadi sita za grafiki, zile za kompyuta za michezo. Mimi sichezi. Zangu zinachimba ethereum, sarafu ya mtandaoni. Zinapiga hesabu kutwa kucha, mtandao unanilipa vipande vya sarafu, mimi nalipa umeme na kuvumilia joto. Wati 1,120. Stoo nyuzi 36, nimepima mwenyewe. Joto ambalo wenzangu wanalipulizia nje kwa feni, mimi nampa mama mkwe bure. Na mimi ni mtu wa darasa la saba tu!

Renatha, mke wangu, hakushangilia. Kasema stoo ilikuwa yake ya mkaa na magunia kabla ya hizo kadi, kwa hiyo jambo hili limalizike. Ndizi zikiiva, kadi zinabaki humo na hatanung'unika tena maisha yake yote. "Zikiwa mbichi Alhamisi, Baba Teo, kadi zako zitalala uani na kuku."

Nimekubali hapo hapo. Nyuzi 36! Huu ni ushindi wa kuokota.

Jumamosi, 10 Septemba

Venant kaniharibia chai.

Venant ni fundi simu wa Kirumba. Ana kadi nane. Tulianza mwezi mmoja, tukasaidiana hadi nyaya. Leo katuma picha ya kioo chake: megahashi 0.25 kwa kila wati. Hashi ndiyo kazi, wati ndiyo chakula. Kazi nyingi kwa chakula kidogo, huyo ndiye fundi. Nikapiga yangu: 150 gawanya kwa 1,120. Sifuri nukta 134! Nikarudia. Ile ile.

Miaka kumi na tisa natengeneza mizani Mwaloni, soko la samaki. Hakuna dagaa anayeondoka pale bila kupita kwenye mkono wangu. Leo mbandika vioo vya simu anishinde kwa vipimo?

Chini ya picha kaandika: "Mzee wa mizani, hizo kadi unachimbia au unapikia?"

Sitajibu kwa maneno.

Jumapili, 11 Septemba

Misa ya kwanza, kisha stoo. Nimeketi na mikungu minane na kadi sita, kila mtu na shida yake.

Siri nimeipata! Kadi inatoka kiwandani na pupa, inakula kuliko inavyohitaji. Unashusha volti yake, kutoka milivolti 1,150 hadi 900. Unapunguza mwendo wa ubongo, maana kazi hii haihitaji ubongo sana. Halafu unaongeza mwendo wa kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu ndiyo inayochimba. Kidogo kidogo, kama unavyorekebisha mzani: gusa, subiri, tazama. Kadi tano zimekubali kumbukumbu ya megahezi 2,150. Ya nne imezima mara tatu. Nimeiwekea 2,080, ikatulia. Kadi ya nne ni kama shemeji Muganyizi, haijawahi kukubali jambo ambalo wenzake wamekubali.

Wati 700! Hashi zimepanda hadi 183! Sifuri nukta 261! Nimetuma picha.

Muganyizi, kaka yake Renatha, alikuja kula mchana. Digrii mbili. Kauliza hizo hesabu zinamhesabia nani. Nikasema mtandao. Kauliza mtandao ukishazijua unazifanyia nini. Mtu anakula samaki wangu na kuniuliza maswali.

Venant kajibu jioni. Hakutaja namba zangu. Kasema nisihangaike, Alhamisi hii ethereum inabadili utaratibu, haichimbwi tena kwa kadi, dunia nzima. Nimecheka. Tangu 2019 wanasema hivyo hivyo, mwakani, mwakani. Mtu akishindwa kwa namba anakutisha kwa tarehe.

Jumatatu, 12 Septemba

Milivolti 850. Wati 600! Hashi 183 zile zile! Sifuri nukta 305! Nimemtumia Venant picha.

Saa nne mama mkwe kaingia stoo kuona ndizi zake. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje uani. Kwetu Usukumani wewe na mama mkwe hamkai chumba kimoja, hamgusani, wala humpiti mlangoni. Unamwamkia ukiwa mbali, umeinama, basi. Yeye ni Mhaya, anaona tunajisumbua, lakini ananistahi. Huniita Ngosha, kama wanavyomwita Msukuma yeyote.

Kilichotokea ndani nimekipata kupitia Renatha: mama anauliza nani kazima moto.

Nikapima. Nyuzi 27. Ndizi kijani, ngumu, ukizigonga zinaitika.

Nikaketi juu ya ndoo nikapiga hesabu. 1,120 toa 600 ni 520. Wati 520 nilizookoa ndizo zilizokuwa zinaivisha ndizi. Kila nikiwa fundi zaidi, mama mkwe anapata baridi zaidi!

Nirudishe kadi kama zilivyokuwa? Nirudi 0.134, Venant aone? Haiwezekani. Lazima iwepo njia ya mtu mwenye akili. Nimeziba dirisha kwa godoro la Teo, binti yetu aliye bweni. Nyuzi 29. Tunasonga.

Jumanne, 13 Septemba

Siku ya mateso.

Saa mbili asubuhi mama mkwe kaingia stoo na furushi la majani makavu ya migomba aliyokuja nayo toka Bukoba. Kazifunika ndizi. Sawa, ndivyo zinavyoivishwa. Kisha kwa huruma yake kafunika na kadi.

Nimeona kwa ufa. Kadi zangu sita, zimevikwa majani kama watoto wenye homa. Feni zikaanza kulia.

Ningeingia! Lakini mama kaweka kigoda katikati ya mlango, kakaa, anachambua majani yaliyobaki. Kupita ni kumgusa. Kumwambia atoe mkono wake kwenye kazi aliyoianza, mkwe gani huyo? Renatha kaenda Kirumba sokoni na simu kaiacha mezani. Nimezunguka nyumba mara kumi na moja. Nimekohoa. Mama kaitikia pole.

Saa tatu na nusu kafika Muganyizi. Mungu kamleta! Nikamweleza kwa ufupi: mama atoe majani kwenye kadi, zinafika nyuzi 90. Kaingia. Nikasikia Kihaya kirefu, halafu kicheko cha watu wawili. Akatoka akasema mama anauliza huko kwetu Usukumani tunaivisha ndizi bila kufunika? Nikamwambia sizungumzii ndizi. Kasema basi nimwambie mwenyewe, yeye hajasomea ukalimani.

Feni ya kwanza ikanyamaza. Ya pili. Nimezisikia zote sita, moja moja, zikijizima kwa joto.

Ndipo mama mkwe akasema nami moja kwa moja, kwa sauti ya upole, bila kugeuka: "Ngosha, mwanangu, majiko yako haya yana moto mdogo. Ongeza."

Saa tano kaondoka. Nimeingia, nimefunua, nimewasha. Zote hai, hata ya nne. Kwenye mkungu uliokuwa karibu na kadi nimeona vidole viwili vya njano. Kwa hiyo mama kasema kweli. Joto halitoshi. Siku mbili zimebaki.

Jumatano, 14 Septemba

Nimeamka na jibu!

Kwa nini niharibu kadi zangu? Nitafute kadi nyingine, zisizorekebishwa, zile zinazokula kwa pupa, zipashe stoo. Zangu zibaki na heshima yake. Na nani ana kadi? Venant!

Nimekwenda Kirumba nikiwa nimejiandaa kubembeleza hadi saa sita. Nikamtajia kadi zake nane kwa mzani wangu mpya wa umeme, wa kilo mia tatu, ambao wenye samaki wa Mwaloni wanaugombania. Sijamaliza sentensi kakubali. Kazifunga mwenyewe, kazipakia kwenye bodaboda mwenyewe, safari mbili, kanishukuru mara nne. Mtu akishindwa anakuwa mnyenyekevu. Mzani mmoja kwa kadi nane!

Mlangoni kanishika bega. "Ile habari ya kesho nimekwambia. Usije ukasema sikukwambia."

Nikamwambia nenda kapime dagaa.

Nimezirudisha nane zake kama zilivyotoka kiwandani. Wati 1,470 peke yake! Jumla 2,070. Pasi ya Renatha hairuhusiwi kuwashwa, vinginevyo nyumba nzima inazima. Nyuzi 38. Majani juu ya ndizi, kadi wazi, na nimechora mstari wa chaki sakafuni nikamwomba Renatha amweleze mama kwamba majani yasiuvuke. Jioni stoo ilianza kunukia sukari. Nimesimama uani navuta hewa kama mjinga.

Alhamisi, 15 Septemba

NJANO! Mikungu yote minane! Renatha kahesabu vidole kwa vidole, hakupata kijani cha kunifunga. Kakubali mbele ya mama yake: kadi zinabaki stoo daima. Mama mkwe kapiga kigelegele, akina mama wa jirani wakaja, wakaosha miguu, wakaanza kuzikamua kwa kuzikanyaga. Kadi kumi na nne zinachimba. Saa tatu asubuhi nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote kuanzia hapa hadi Kigongo.

Saa tatu na dakika arobaini na tatu hashi zikawa sifuri.

Nikadhani waya. Nikabadili waya. Nikadhani mtandao. Simu inaingia vizuri. Nikadhani kadi ya nne kawashawishi wenzake, nikaichomoa. Sifuri. Nikazima zote, nikawasha, nikazima. Stoo ikawa inapoa huku nje wanaimba.

Saa sita nikampigia Venant. Nyuma yake kelele za Mwaloni, mtu anataja kilo. Kasema pole. Kasema mzani ni mzuri sana, hautingishiki.

Ethereum imehama kweli. Nimekata simu.

Jumamosi, 17 Septemba

Wageni kumi na saba. Rubisi ilikuwa na povu lake, rangi yake, na ule ukali unaokuja nyuma baada ya utamu. Baba wa mchumba alirudisha kibuyu kijazwe mara tatu. Kauliza ndizi zimeivishwa wapi katika mji huu wa zege. Mama mkwe kanionyesha kwa mkono, mimi niko mbali chini ya paa la jirani, umbali wa adabu. Kasema mbele ya wote: "Yule Msukuma wangu. Moto wake hauna moshi."

Angela kaposwa. Nimetokwa na machozi kidogo. Rubisi ile kali.

Muganyizi hakuweza kuacha. Baada ya kibuyu cha pili katangaza kwamba wati ni wati, joto ni joto, na kwamba hita moja ya kawaida ingeivisha ndizi zile zile bila sarafu, bila Venant, bila mzani kupotea. Watu wakacheka. Nimeipiga hesabu hiyo kichwani nikiwa nimesimama, upande huu na upande ule. Iko sahihi.

Lakini hita huwezi kuirekebisha.

Jumapili, 18 Septemba

Mambo mapya! Mama Rebeka, jirani wa Kihaya nyumba ya tatu, anaoza mwanawe mwezi huu. Kasikia sifa. Mikungu yake kumi na miwili imeingia stoo baada ya misa. Anazitaka njano Ijumaa asubuhi. Nimempa neno langu, mbele ya mama mkwe ambaye anasafiri Jumanne na ameniachia majani yote.

Kadi ili zitoe joto lazima zifanye kazi, hivyo nimezipa sarafu nyingine, ndogo, ambayo haijahama popote. Malipo ni punje za kulishia kuku. Zote kumi na nne, kama zilivyotoka kiwandani. Wati 2,400! Nyuzi 39! Ningeacha hapo.

Ila namba ile ya hashi kwa wati ilikuwa inanitazama. Mbaya kabisa. Nikashusha volti ya kadi ya nne peke yake, nione tu. Imekubali mara ya kwanza! Ya nne! Basi sikuona sababu ya kuwabagua wengine. Hadi saa kumi alasiri nimezishusha zote: wati 1,180, hashi hazijapungua hata moja. Kazi safi kuliko ile ya Venant, na nane kati ya kadi hizo zilikuwa zake mwenyewe.

Stoo imepoa vizuri sana.

Kama joto litapungua kwa ndizi, dawa naijua: kadi za kuongeza. Venant anamfahamu mtu Kirumba mwenye kumi, na huyo mtu eti anahitaji mzani. Ninao mmoja umebaki, ule wa kufanyia kazi. Nimemwambia Venant alete kadi hizo kesho asubuhi, mapema, kabla huyo mtu hajashtuka.