Sabuni ya Binti

Jumatatu, 4 Mei
Masina mwanangu, miaka yote hiyo hujakanyaga kisiwa chetu cha Savai'i! Huko Auckland wamekufunga kamba? Naandika kwa herufi hizi alizonifundisha mke wa mchungaji, ili siku ukija usome uone haya.

Leo kaja kijana wa kampuni ya sabuni, mzaliwa wa Sydney. Anatafuta nyuso za matangazo. Kabandika picha tatu. Sabuni ya Mwanamume: misuli mitupu. Sabuni ya Bibi: kikongwe mkekani, kama anangoja jeneza. Sabuni ya Binti: msichana wa taji la manyoya, anacheza. Moyo ukaruka. Ni mimi yule! Mimi wa enzi zile, mama akinipaka mafuta ya nazi mpaka mabega yang'ae.

Kijana kanipa kipande cha Bibi. Nikamrudishia. Nikamwambia ndani yangu nina miaka kumi na tisa. Loimata, mtoto wa kaka yako, kapewa cha Mwanamume. Wajua alizaliwa mvulana, tukambatiza jina la kiume, akakua binti, na kijijini hakuna aliyeuliza. Kakinusa, kasema, "Kaka, hiki kampake baba'ako."

Jumanne, 5 Mei
Loimata kanitia nywele rangi nyeusi. Jirani yangu Fuatino kaniona. Kasema mimi mzee kuliko kengele ya kanisa. Kengele ingali inalia, nikamjibu!

Alhamisi, 7 Mei
Majaribio, mbele ya kanisa. Loimata kacheza kwanza, kisha nikacheza mimi. Magoti yalilalamika, mikono haikusahau kitu. Fuatino akaja kukatika viuno vya kuchekesha pembeni yangu, kama desturi yetu, ili mimi ning'are. Kisha akajitupa chini nimkanyage mgongo, heshima apewayo binti wa chifu akicheza. Nikamkanyaga. Tangu marehemu baba yako anioe, hakuna aliyenipa tena heshima hiyo ya wasichana. Nikalia kama mtoto.

Na yule mjinga wa Sydney, hajui desturi, akampiga picha aliye chini!

Ijumaa, 8 Mei
Matokeo. Bibi: Fuatino. Loo! Binti: Loimata wetu! Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi? Eti nijaribu mwakani.

Nimekaa, nimewaza, nimeelewa. Kosa langu nilijitia ukubwa! Kumi na tisa ni uzee. Mwezi ujao wanaleta sabuni ya watoto wachanga. Wanataka uso wa mviringo, usio na meno. Yangu yamebaki mawili, na yote yanalegea.

Ukija, niletee kofia ya sufu ya kitoto. Ya waridi. Upime kwanza kichwa chako, uongeze kidogo.