Pedi ya Prosesa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: nikiwa peke yangu hujiita Mhandisi. Leo nimeanza kustahili. Kompyuta pekee ya klabu yetu inapata moto na kujizima. Mwalimu Nehemia amesema isipotengemaa kufikia Ijumaa, siku ya wazazi, chumba cha klabu kinarudi kuwa stoo ya mahindi. Nikaifungua. Juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, pale inapogusana na bati la kupozea, palikuwa na ute wa kijivu uliokauka kama uji wa jana. Nikaufuta wote. Pastory, anayeutaka uenyekiti kama ninavyoutaka mimi, akasema sasa lazima tupake ute mpya, yaani pesti. Anaipenda pesti kwa sababu inafanana na jina lake. Mimi nimesoma kwamba ipo pia pedi: kipande laini kinachopitisha joto. Unakata, unalaza, huchafui vidole. Nikasimama mbele ya klabu nzima nikatangaza kwamba mimi ni mtu wa pedi. Wasichana wakacheka. Mmoja wao, Armelle, akauliza nimeanza lini. Nikajibu, tangu likizo.

Nimeelewa nilipofika nyumbani.

Jumanne, 13 Mei

Duka la Mama Shadia, hapa hapa Ujiji, lina chaja, betri, vitenge na chumvi. Pedi ya kompyuta haiwezi kukosekana. Nimesubiri wateja waishe. Hawaishi. Nikamwamkia, nikanong'ona kwamba nataka pedi. Akauliza ya nani. Ya prosesa, nikasema. Akauliza huyo Prosesa ni dada yangu? Aibu ikanishika, nikasema yuko shuleni. Inapata moto sana, nikaeleza, mpaka inazima. Akanisahihisha: mtu anazimia, mwanangu, hazimi, ninyi mnaotoka vijijini Kalinzi Kiswahili mtakijua lini? Akanifungia pakiti kwenye gazeti, akakataa malipo, akaagiza Prosesa anywe maji ya uvuguvugu na asibebe ndoo.

Nimefungua gazeti nyumbani. Ni zile nyingine.

Jumatano, 14 Mei

Nimefikiri vizuri. Pakiti imeandikwa "hufyonza haraka". Prosesa inahitaji nini zaidi ya kitu cha kuifyonza joto? Nimekata kwa mkasi, nimelaza, nimekaza skrubu. Kompyuta imezima kabla sijakaa.

Pastory amekuja na kibomba cha pesti alichopewa na kaka yake, fundi simu wa mtaa wa Mwanga. Eti linatosha tone kama punje ya mchele. Nimemwambia akaliweke kwenye wali. Ufunguo wa chumba ninao mimi, mtunza vifaa. Nimeuficha kwenye soksi. Nachechemea, lakini kwa ushindi.

Alhamisi, 15 Mei

Tatizo ni ukavu. Mawese yanapitisha joto, kila aliyekaanga samaki wa mgebuka anajua. Nimechota kijiko kwenye dumu la mama mdogo ninayeishi kwake, nimelowesha pedi. Kompyuta imewaka muda wa kutosha kuandika nusu ya jina langu. Maendeleo!

Ijumaa, 16 Mei

Wazazi wakaingia. Nikawasha. Chumba kikanukia vizuri sana, mzee mmoja akauliza chakula kinaliwa saa ngapi. Kisha moshi. Mwalimu Nehemia akang'oa waya, akafungua, akavuta pedi kwa ncha za vidole, inadondosha mawese mekundu mbele ya kamati nzima ya shule. Mama Shadia, naye mzazi, akasimama kule nyuma akauliza kama Prosesa amezidiwa. Mwalimu akauliza Prosesa ndiye nani. Nikatazama dari. Armelle alitoka nje, nadhani kulia.

Pastory akafuta, akaweka tone lake. Kompyuta ikawaka mpaka wazazi wakaondoka. Chumba kimebaki chetu. Uenyekiti amepewa yeye.

Nikakaa peke yangu nikalitafuta kosa langu kwa unyenyekevu. Nikaisoma tena pakiti, mpaka maandishi madogo. Nikaliona. Nikaenda dukani, nikamwamkia Mama Shadia. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema hajambo, ila kwa sasa wanampaka pesti. Akashika kifua. Kisha nikamweleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa inateleza kwa kukosa vya kuishikilia pembeni, nikaomba yenye mabawa.